Nyomba ya Nani

Mwaka aliokufa baba, kaka yangu Bundi alinipiga kwa mpini wa jembe mbele ya mama yetu. Pigo la kwanza lilinipata mgongoni, nikabaki nimesimama. La pili lilinipata gotini, nikaanguka katikati ya miche ya kahawa niliyoipanda kwa mikono yangu mwenyewe. Bundi alisimama juu yangu akihema kama fahali, damu yangu kwenye mpini.

"Shamba ni langu," alisema. "Wewe utakaa kwa nyumba za watu mpaka meno yakuishe."

Mama alimvamia kwa mwiko akampasua sikio, lakini mpini ulibaki mkononi mwa Bundi, na mimi nilikuwa natema jino. Niliondoka kijijini kwetu Githongo siku hiyohiyo na nguo nilizovaa. Nilipofika langoni niligeuka nikamwambia: "Bundi, kuna siku utabisha hodi kwenye mlango wangu. Mlango wangu mwenyewe. Na mimi ndiye nitaamua kama nitafungua."

Hiyo ndiyo sababu nilitaka nyumba, na sitaipamba. Wengine hutaka nyumba ili wapande maua. Mimi nilitaka mlango.

Naitwa Muthomi. Nilishukia mji wa Runyenjes, nikajifunza kuchomelea vyuma, na ndani ya miaka sita mageti yangu yalikuwa yamesimama kwenye boma za walimu, za wakulima wa majani chai, hadi ya kanisa. Nilioa Kendi, mwalimu wa chekechea mwenye ulimi mkali kuliko grainda yangu ya kukatia vyuma. Tulipanga chumba kilichopakana na baa. Kendi akiwa na mimba ya miezi saba, walevi wawili walipigana nje, chupa ikapasua dirisha letu ikatua kitandani, upande anaolala yeye. Alikuwa ameinuka kwenda kunywa maji. Nilitoka nikamvunja pua wa kwanza niliyemfikia, na sijui kama ndiye aliyerusha. Niliporudi, Kendi alikuwa anaokota vigae kwenye blanketi.

"Umeshinda?" aliniuliza. "Sasa tupe nyumba. Mtoto hatazaliwa kwa vita ya walevi."

Basi nikatafuta, na nikapata. Ilikuwa nyumba ya mawe ya kuchonga juu ya mji, vyumba vitatu, jiko la nje, maji ya bomba, kahawa mbele na parachichi nyuma. Mwenyewe aliitwa Kithaka, mtu mnene mwenye lori la mchanga, shavu moja limejaa muguka, yale majani ya kutafuna, kutwa nzima.

Sikwenda kama kipofu. Nilikwenda afisi ya ardhi mimi mwenyewe, sikutuma wakala, nikapekua nambari ya shamba. Jina lilikuwa la Kithaka, hakuna mkopo wa benki, hakuna zuio. Nilileta mpima ardhi, tukafukua mawe yote manne ya mpaka. Nilikwenda siku ya mvua kubwa nikasimama ndani nione paa linavuja wapi na maji ya mlima yanapita wapi. Nilimuuliza jirani, mzee mkulima wa kahawa aitwaye Salesio, kama mpaka una ugomvi, akasema mpaka hauna ugomvi wowote. Mwisho tulikwenda mbele ya bodi ya ardhi. Mke wa Kithaka alikuwepo, amejifunga kitambaa kichwani. Alitoa kitambulisho, akaulizwa kama anakubali nyumba iuzwe, akasema anakubali, akaweka kidole. Nilitoka pale kifua mbele. Ilibaki Ijumaa tu, saa nne, kwa wakili mjini Embu. Mlango nilikuwa nimeshautengeneza. Ulikuwa wa chuma kizito, wa kubebwa na wanaume wanne, na komeo la ndani nene kama mkono wa mtoto.

Jumatano nilimpigia mama yangu, Nelius, nimpe habari.

"Nyomba ya nani?" aliuliza.

"Ya Kithaka. Yule wa lori la mchanga."

Akacheka kile kicheko chake cha kunirudisha darasa la kwanza.

"Huyo Kithaka ni mwanamke?"

"Mama, ana ndevu hadi kifuani."

"Basi mbona unaniambia nyomba ni yake? Mwanamume ana hati. Nimekuuliza nyomba ni ya nani."

Nilielewa, na nilikasirika kwa sababu nilielewa. Kwetu Meru, na kwa Waembu vilevile, nyomba ni kuta na paa, lakini pia ni mwanamke na wote waliotoka kwake. Mzee mwenye wake wawili ana nyomba mbili, hata akiwaweka chini ya bati moja. Ukimuuliza mtu wa kwetu nyomba ni ya nani, hatakutajia mwanamume. Mimi, kwa miaka sita ya kusema Kiswahili cha mjini, nilikuwa nimeuliza "nyumba ya nani" kila mahali, na kila mtu alinijibu vile nilivyouliza.

"Ni ya mkewe," nilisema. "Mama Mwaniki. Alikuja kwa bodi akakubali."

"Umekunywa chai yake?"

"Chai? Mama, mimi nanunua nyumba, si hoteli!"

"Muthomi. Kabla hujaenda kwa wakili, keti kwa hiyo nyumba, umwambie huyo mama akupikie chai. Chai usiiangalie. Angalia mkono."

Nilimkatia simu. Sijawahi kumkatia mama simu kabla ya hapo. Kendi, aliyekuwa amesikia yote, aliendelea kukunja nguo za mtoto.

"Enda ukanywe," alisema. "Ama unaogopa kikombe?"

Alhamisi mchana nilipanda pale na tepu ya kupimia na kipande cha chuma cha mraba, urefu wa mkono, cha kujaribia fremu za madirisha. Kithaka alinipokea kwa kelele nyingi. "Mmeru wangu! Umeshindwa kungoja kesho!" Mkewe alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki uani, mkoba mapajani, kama mtu anayengoja gari. Mbwa wao alikuwa amefungwa kwenye mparachichi, na alikuwa anabweka, si kwangu mimi mgeni, bali kwa mwanamke yule. Kithaka alikwenda akampiga mbwa teke la mbavu hadi nikasikia kitu kikilia kama kijiti kikavu. Mbwa alikunjamana akanyamaza.

"Huyu mbwa ana wazimu," Kithaka alisema, akitema muguka.

Nikasema ningefurahi kama ningepata chai.

"Chai!" Kithaka akapiga makofi. "Mama Mwaniki!"

Mwanamke hakugeuka.

"Mama Mwaniki!"

Alikuwa anaangalia kucha zake. Kithaka alimsogelea akamshika bega, vidole vikazama. "Mama Mwaniki, si nimekuita?" Hapo ndipo aliinuka.

Jiko lilikuwa kibanda cha mbao nyuma ya nyumba, msingi wake wa mawe. Juu ya mlango wake kulikuwa na boriti iliyoshuka, nyeusi kwa moshi. Mwanamke aliingia kwa haraka na boriti ikamgonga kwenye paji la uso, sauti ikawa kama ya nyundo juu ya ubao. Damu ikamshukia nyusi. Kithaka alikuja nyuma yake, akainama bila kutazama, akapita. Mimi nilisimama mlangoni nikavuta tepu kana kwamba napima. Macho yangu yalikuwa kwenye mkono.

Mkono ulitafuta kibiriti kwenye rafu, haukukipata. Ukapapasa juu ya pipa la mahindi, kisha nyuma ya sufuria. Ukafungua mkebe ukatoka na maharagwe, ukafungua mwingine ukatoka na misumari. Damu ilidondoka kwenye misumari.

"Baba Mwaniki, kibiriti kiko wapi?"

"Unaniuliza mimi mambo ya jikoni?" Kithaka alicheka na kunikonyeza. Kicheko hakikufika machoni.

Nikauliza, polepole, "Mama, Mwaniki yuko darasa la ngapi siku hizi?"

"La sita," alisema.

"Fomu wani," alisema Kithaka, wakati uleule.

Tulitazamana wote watatu. Kisha Kithaka alishika sufuria iliyokuwa kwenye jiko dogo la makaa kando ya mafiga yaliyozimika, maji ya kukandia miguu yake yaliyokuwa yamechemka tangu asubuhi, akamtupia. Alilenga uso, lakini mwanamke aliruka, maji yakamshukia miguuni, viatu vyake vya plastiki vikanasa kwenye ngozi. Alipiga yowe ambalo bado nalisikia nikichomelea vyuma.

"Uliniambia ni kuweka kidole tu!" alipiga kelele. "Mimi naitwa Winrose! Nauza mitumba! Watoto wako mimi nitawajulia wapi, mnyama wewe?"

Kithaka alimpiga kwa sufuria tupu, mara moja, juu ya sikio. Winrose alinisukuma mlangoni akapita, akakimbia katikati ya kahawa, mkoba wake kifuani, akiruka kama mtu anayekanyaga moto. Mimi nilikuwa na chuma mkononi. Sikukiinua.

Kithaka aliweka sufuria chini kwa utaratibu, akajipangusa mikono kwenye suruali.

"Sikiliza, fundi. Bibi yangu alikimbia mwenyewe, akarudi kwao Ishiara. Nilimgusa kidogo, akakimbia na watoto. Akaacha hata kitambulisho. Aliyekimbia ameacha, si ndio? Karatasi ni safi. Hati iko, bodi imepitisha. Kesho asubuhi leta mlango wako tuuweke, halafu twende kwa wakili pamoja." Akasogea karibu, muguka ukininukia usoni. "Ama Mmeru ameogopa?"

Nataka uamini kwamba niliondoka. Unayejiandaa kununua nyumba, ukiwa umesoma hadi hapa, unasema moyoni: mimi ningeondoka. Mimi niliona chupa kwenye blanketi upande wa Kendi. Nilimwona Bundi na mpini wake. Nikajiambia mke huyo simjui, sijawahi kumwona, na kama si mimi atanunua mwingine.

"Kesho asubuhi," nilisema. Nikamshika mkono. Ulikuwa bado na unyevu wa yale maji.

Nyumbani nilimwambia Kendi kwamba chai ilikuwa tamu.

Ijumaa, saa moja na nusu, pikapu ilinishusha pale na mlango wangu. Vijana wa kubeba mizigo waliutua, tukauegemeza kwenye ukuta kando ya mlango wa zamani, wakaondoka. Kithaka alikuwa amevaa koti la kwendea kwa wakili. Nilianza kung'oa bawaba za mlango wa mbao kwa kile chuma changu cha jana. Nilikuwa nimeng'oa moja niliposikia bodaboda ikipanda kilima kwa gia ndogo, kisha ikizimwa.

Lazima niseme jinsi alivyojua, maana halikuwa jambo la bahati. Winrose hakwenda hospitali moja kwa moja. Alipanda boda, miguu imefungwa leso, hadi Ishiara iliyoandikwa kwenye kitambulisho, akamuuliza kila mtu sokoni mpaka akampata mwenye kile kitambulisho. Alimrudishia. Alimwambia siku, saa, na jina la mnunuzi.

Mwanamke aliyeshuka kwenye boda alikuwa mwembamba, mkono wa kushoto umefungwa plasta kuanzia kiganja hadi kiwiko. Mkono wa kulia ulikuwa na panga. Mbwa chini ya mparachichi aliinuka kwa shida, akatikisa mkia.

"Wambura," Kithaka alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo.

Hakumtazama. Alikuja kwangu.

"Wewe ndiye Mmeru wa kununua nyomba yangu?"

"Mama, ngoja kwanza..."

"Mimi ni mama yako?" Panga likashuka.

Niliinua mkono wa kushoto na panga likanikata chini ya kiwiko, nyama ikafunguka kama kinywa. Sikuhisi maumivu, nilihisi baridi tu. Alirusha tena, nikaruka nyuma, panga likakata ubao wa mlango likanasa. Alipolivuta nilimrukia. Nilishika kile nilichokifikia, na nilichokifikia kilikuwa plasta. Nikaizungusha. Mfupa ambao haujaunga ulitoa sauti ndani, akalia, akaanguka chali kati ya kahawa. Nilikanyaga mkono wa panga mpaka ukafunguka. Nikainua chuma changu.

Nilikiinua juu kabisa, kwa nguvu zote za miaka sita ya kuinua vyuma. Damu yangu ilikuwa inamdondokea kifuani. Hakuomba. Alinitazama tu, akitafuna midomo.

"Piga," alisema. "Mwenzako alinivunja huu mmoja. Vunja wa pili, mlingane."

Nyuma yangu Kithaka alicheka kwa raha. "Mmalize, fundi! Nyumba ni yako!"

Mtu ameanguka kwenye kahawa. Mtu amesimama juu yake, anahema, ameshika kitu cha kupigia. Nilimjua vizuri yule aliyesimama. Nilikuwa nimemchukia kwa miaka sita, na hapo alikuwa amevaa viatu vyangu.

Nilishusha mkono. Nikaondoa mguu juu ya mkono wake.

Kithaka aliona kabla sijasema neno. Kicheko kilikatika. Aliokota panga kwenye majani, akanipita kama anayepita mti, akamwendea mkewe. "Basi nitafanya mwenyewe," alisema, kwa sauti ya mtu anayekwenda kuchinja kuku.

Nilimpiga kwenye kifundo cha mkono. Mfupa ulivunjika, panga likaruka, lakini Kithaka alikuwa mzito kama lori lake. Aligeuka akaniingia tumboni kwa kichwa, tukaanguka pamoja chini ya ukuta, karibu na mlango wangu. Akanikalia kifuani. Mkono wake mzima ulinishika koo. Muguka ulinidondokea machoni. Nilimpiga mbavu, mara tatu, mara nne, ilikuwa kama kupiga gunia la mchanga. Kidole chake gumba kilizama chini ya taya na dunia ikaanza kuwa nyeusi pembeni.

Nilimuuma. Nilimuuma mkono hadi meno yakakutana. Alinguruma, akainuka nusu, na mimi nikajikunja nikajiviringisha kutoka chini yake. Hapo nikaona nyuma yake bega la mwanamke limekaza nyuma ya mlango wangu, upande wa ukuta. Wambura hakutumia mikono, mmoja ulikuwa umevunjika mara mbili na mwingine nilikuwa nimeukanyaga. Alitumia bega na kichwa, miguu imechimba udongo, meno nje.

Mlango wangu ulisimama wima kitambo, kama unafikiria. Kisha ukaanguka.

Ulimpata Kithaka kuanzia kiunoni kwenda chini. Nimesikia vyuma vingi vikianguka maishani mwangu, lakini sijawahi kusikia kimoja kikianguka juu ya mifupa. Alilia kama mtoto. Alimwita mama yake, akamwita Wambura, akaniita hata mimi.

Majirani walikuja na majembe na rungu, wamesikia yowe lakini hawajui la nani. Ilichukua wanaume watano kuuinua mlango. Mguu mmoja wa Kithaka ulikuwa umegeukia upande usiofaa. Salesio, yule mzee wa kahawa, alisimama akitikisa kichwa.

"Mzee," nilimwambia, damu ikichuruzika kwenye vidole, "nilikuja kwako. Nilikuuliza kuhusu hapa. Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza mpaka," alisema Salesio. "Nikakujibu mpaka. Mke hukuniuliza."

Nilitaka kumpiga yeye pia. Nilikuwa sina mkono wa kumpigia.

Wakati wakingoja polisi na gari la kubeba majeruhi, Wambura aliinuka, akauning'iniza mkono wake mbele kama kitu cha mtu mwingine, akaniambia, "Kuja." Nilimfuata hadi jikoni. Aliinama chini ya boriti akiwa bado anatazama nyuma, anawafokea watu waache kukanyaga kahawa yake. Ndani mlikuwa na giza la moshi. Mkono wake wa kulia, wenye alama ya kiatu changu, ulikwenda moja kwa moja kwenye ufa kati ya mawe mawili ya msingi, ukatoka na kibiriti. Ukaenda juu ya boriti, ukatoka na kitambaa safi. Ukaenda nyuma ya pipa, ukatoka na chumvi. Haukusita popote. Alinifunga jeraha kwa mkono mmoja na meno, akakaza mpaka nikaona nyota.

"Bado unataka kununua?" aliuliza.

"Hapana."

"Jana ulitaka. Yule mama aliyechomwa miguu aliniambia ulisimama hapo mlangoni na chuma, ukatazama."

Sikutafuta uongo.

"Ni kweli," nilisema.

Akawasha kuni kwa kile kibiriti. "Keti. Utazirai. Nitakuwekea majani mengi."

Chai ile niliinywa ikiwa na damu yangu kwenye ukingo wa kikombe. Haikuwa tamu; sukari Kithaka alikuwa ameimaliza.

Saa nne ile ambayo ningekuwa kwa wakili, nilikuwa kituo cha polisi, nikiandika kwa mkono wa kulia kwamba mwanamke aliyeweka kidole mbele ya bodi hakuwa Wambura. Winrose naye aliandika, miguu yake ndani ya beseni la maji. Alijua maandishi yale yangemtia mwenyewe kizimbani, na bado aliandika. Wiki iliyofuata Wambura aliweka zuio kwenye hati, na kwa sasa hapana awezaye kuuza hata jiwe la pale bila yeye kujua. Kithaka alitoka hospitali kwa magongo, akapelekwa mahakamani kwa magongo.

Lakini kabla ya hapo alituma watu wawili. Walikuja mchana kweupe, wakavunja mlango wa mbao uliokuwa umebaki na bawaba moja, wakamkuta Wambura ndani na mwanawe Mwaniki. Mwaniki walimvunja meno mawili. Salesio na wenzake waliwatimua kwa rungu, na safari hii hakuna aliyesubiri kuulizwa.

Niliposikia, nilipanda kule na mashine yangu na mkono uliofungwa. Mlango ulikuwa bado umelala kwenye majani pale ulipomwangukia Kithaka, kona moja imepinda. Niliunyosha kwa nyundo, nikachomelea bawaba mpya, nikauweka. Komeo liko ndani. Wambura alilivuta, likaingia, akalivuta tena.

"Nikulipe nini?" aliuliza kutoka upande wa pili.

"Usinifungulie nikija na mtu mwenye karatasi," nilisema, na nikamsikia akicheka kidogo, kwa mara ya kwanza.

Niliporudi nilimweleza Kendi yote, hata ile ya kushikana mkono na Kithaka. Alisikiliza, tumbo lake likiwa kati yetu.

"Kwa hivyo," alisema, "mlango wetu umeufunga kwa nyumba ya mwanamke mwingine."

"Ndio."

"Na mtoto wangu atazaliwa kando ya baa."

"Ndio."

Alinipiga kofi, si la utani. Kisha akashika ule mkono uliokatwa, akaanza kufungua kitambaa ili aoshe jeraha, na hakusema nami mpaka kesho yake.

Msichana wetu alizaliwa palepale kando ya baa, na walevi walimwimbia. Mama alikuja kutoka Githongo kumpokea. Alitazama kovu langu, hakuniuliza lolote ila moja.

"Ulikunywa chai?"

"Nilikunywa."

"Na uliuona mkono?"

"Niliuona, Mama. Nilichelewa siku moja."

Sasa tunatafuta tena. Mambo ya hati na mawe ya mpaka na mvua nayafanya kama kawaida, nawe uyafanye, usiruke hata moja. Lakini kwanza naomba chai, nakaa jikoni, na simwambii mtu kwa nini. Kuna mjane mmoja tumemwona, upande wa chini, ana vyumba viwili na jiko. Alinipikia akiwa anamkemea mbuzi dirishani, mkono ukienda wenyewe. Nilimuuliza nyomba ni ya nani, akanitazama kana kwamba nimeuliza jua ni la nani.

Tukiipata, jina kwenye hati litakuwa la Kendi. Mlango mwingine nimeshaanza kuukata. Na Bundi, nasikia, ameuliza watu tunaishi wapi. Aje. Atabisha hodi kwa Kendi, na Kendi ndiye ataamua kama atafungua.